Muulize Dada wa Takwimu: "Supavaiza kasema p yangu imekataa"

Mwezi huu barua nyingi ni za disetesheni, najua msimu wa kukabidhi umefika watu hawalali. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nusu ya barua zingine zinauliza kitu hicho hicho kwa maneno tofauti, yaani ile namba ya takwimu inayoitwa p, kwa hiyo kama yako haipo hapa soma ya Mfuga Kuku kwanza kabla hujanilaumu.

Dada shikamoo. Nasoma masta, utafiti wangu ni wa kuku chotara. Nilikuwa na kuku 40, 20 wamekula chakula cha dukani peke yake, 20 nimewachanganyia funza wa kukausha. Baada ya wiki 8 wale wa funza wamezidi kwa wastani wa gramu 90 lakini p imetoka 0.07. Supavaiza anasema haiko signifikanti kwa hiyo niandike funza hawana athari, ama niongeze kuku kidogo kidogo mpaka ishuke chini ya 0.05. Rumeti wangu yeye anasema nimtoe kuku mmoja aliyedumaa kwenye kundi la funza, mambo yatakaa sawa. Hela ya chakula cha kuku nimekopa dada, nisaidie. – Mfuga Kuku, Morogoro

Marahaba mdogo wangu, na pole na deni. Umepewa njia tatu na zote tatu mbovu, ila ili nikuonyeshe ubovu wake inabidi nianze na shangazi yangu.

Shangazi yangu wa Tanga anaapa kwamba pilau ya kuni na pilau ya gesi anazijua kwa kuonja tu, hata umfunge macho. Idi moja tukambishia. Tukapika sufuria mbili, mchele ule ule, bizari ile ile, nyama imegawanywa nusu kwa nusu, tukapakua mabakuli 8, manne ya kuni manne ya gesi, kila moja lina kikaratasi chini, na aliyeyapanga ni binamu yangu huko jikoni peke yake, mimi nilikaa sebuleni nisijue lipi ni lipi maana shangazi anasoma sura za watu kuliko anavyosoma gazeti. Akaambiwa achague manne ya kuni.

Wazo sio langu, msinisifie. Uingereza, kituo cha kilimo cha Rothamsted, miaka ya 1920, mama mmoja mtaalamu wa mwani anaitwa Muriel Bristol alisema anajua kwa kuonja kama kikombe kimetangulizwa maziwa au chai, na mwanatakwimu Ronald Fisher akamwandalia vikombe 8, jaribio ambalo baadaye alilieleza kwenye kitabu chake cha 1935. Sisi tumebadilisha chai kuwa pilau tu.

Sasa hesabu. Kuchagua mabakuli manne kati ya manane kuna njia 70. Kama shangazi anabahatisha, kupatia yote manne ni njia 1 kati ya hizo 70, yaani kama asilimia 1.4. Hiyo namba ndiyo p, hakuna uchawi mwingine. Tunaanza kwa kukubali kwa muda kwamba hakuna kitu, shangazi anabahatisha (hiyo ndiyo dhanatete sifuri mnayoikariri), halafu tunauliza, kama ni kweli anabahatisha, matokeo kama haya au makali zaidi yangetokea mara ngapi? Basi. P haikwambii uwezekano kwamba shangazi ni mwongo, wala uwezekano kwamba funza wanafanya kazi. Inakwambia data zako zinashangaza kiasi gani *endapo* hakuna kitu.

Shangazi akapatia matatu, moja akalikosa.

Kwa mtu anayebahatisha, kupata matatu au zaidi ni njia 17 kati ya 70, asilimia 24, p ni 0.24, kwa hiyo kwa kanuni ya 0.05 (p ikishuka chini ya hapo ndiyo tunasema signifikanti) shangazi kafeli. Aliposikia akaweka kijiko chini, "Kwa hiyo mimi mwongo?" Na hapo shangazi, ambaye hajawahi kuingia darasa la takwimu, alikuwa anauliza swali zuri kuliko supavaiza wako. Jibu ni hapana shangazi, wewe sio mwongo, ni mabakuli ndiyo machache. Angalia, kwa mabakuli 8 mtu akikosea hata moja tu kashafeli, inabidi apatie yote. Yaani hata mtu anayejua kweli, akighafilika mara moja kwa sababu ya ndimu au pilipili, tunamwita mbahatishaji. Tungeweka mabakuli 12, sita kwa sita, njia ni 924, na za kupatia yote au kukosea moja ni 37, ambayo ni asilimia 4. Hapo angekosea moja na bado angepita. Uwezo wa jaribio kumtambua mtu anayejua kweli tunauita nguvu ya jaribio, na letu lilikuwa dhaifu, lawama ni zetu sio zake.

Kwa hiyo makosa ni mawili. Kumvika shangazi taji wakati alibahatisha, hilo ni kosa la aina ya kwanza. Kumwita mwongo wakati anajua, hilo la aina ya pili. Waliotupa mgawanyo huo ni wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson kwenye kazi zao za 1928 na 1933, na kitu ambacho vitabu vya chuo huwa vinapita haraka ni kwamba ile 0.05 inakulinda na kosa la kwanza peke yake. La pili linalindwa na ukubwa wa sampuli na usafi wa vipimo, na hakuna mtu anakuuliza hayo mpaka siku ya kujitetea.

Turudi bandani. Supavaiza akisema "andika hawana athari" anakusukuma moja kwa moja kwenye kosa la aina ya pili. Angalia pale SPSS, ile programu ya takwimu, inapotoa zile namba mbili za asilimia 95, ya chini na ya juu. Kwa tofauti ya gramu 90 na p ya 0.07 na kuku 20 kwa 20, nimepiga hesabu, zitakuwa karibu na kutoa 8 mpaka 188. Maana yake data zako zinaendana na funza kupunguza gramu 8, zinaendana na kuongeza gramu 90, zinaendana na kuongeza gramu 188. Sasa mtu mwenye namba hizo anaandikaje "hakuna athari"? Andika hivi: wastani ulizidi kwa gramu 90, masafa ni kutoa 8 hadi 188, sampuli ni ndogo na jaribio halikutosha kuamua. Ni sentensi ya kawaida na hakuna mtahini makini atakayekufelisha nayo.

Kuongeza kuku kidogo kidogo huku unachungulia p, usithubutu. Ukichungulia mara 5 na kila mara unasema "ikishuka chini ya 0.05 nasimama", uwezekano wa kumtawaza mbahatishaji unapanda kutoka asilimia 5 mpaka kama 14. Ni sawa na kurusha shilingi na mwenzako halafu unasema tuongeze raundi kila unaposhindwa. Kama hela ipo, anza jaribio jipya, idadi ya kuku uipange kabla ya kununua kifaranga wa kwanza. Na yule kuku aliyedumaa, kama daftari lako la wiki ya 2 lilishaandika anaumwa, na ulishapanga wagonjwa watolewe pande zote mbili, mtoe na uandike umemtoa. Kama umegundua ubaya wake baada ya kuona 0.07, mwache ale.

Ila ngoja, kuna jambo limenikera na hakuna aliyekuuliza. Kuku 20 wa funza walikaa banda moja wote? Na wale 20 wengine banda lingine? Kama ndivyo, mdogo wangu, huna kuku 40, una mabanda 2. Banda likiwa na joto zaidi au chombo cha maji kinachovuja, kuku wote 20 wanaathirika pamoja na lawama au sifa zinakwenda kwa funza. Hilo ni kubwa kuliko p yako, liseme mwenyewe kwenye mapungufu ya utafiti kabla mtahini hajalisema.

Kuhusu supavaiza, usiende kubishana naye. Mwambie kwa adabu kwamba chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko 2016 likisema hitimisho la kisayansi lisisimame juu ya p kuvuka au kutovuka mstari peke yake. Wakubwa wanapenda kuambiwa na wakubwa wenzao.

Dada, mwanangu alikutwa na malaria kwa kile kipimo cha haraka cha kidoleni, akamaliza dawa mseto akapona kabisa. Siku 12 baadaye amepata mafua na homa kidogo, kituo kingine wakampima kwa kipimo kile kile wakasema malaria bado ipo. Vipimo feki hivi? – Mama Wawili, Geita

Sio feki. Vile vipimo vingi havitafuti mdudu mwenyewe, vinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, na ile protini inaweza kubaki wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Kinachoonekana ni nyayo za mwizi aliyekwishaondoka. Ndiyo kosa letu la aina ya kwanza hilo, limevaa koti jeupe. Mwombe daktari aangalie damu kwa hadubini, hapo wanamtafuta mdudu mwenyewe, na homa usiipuuze kwa sababu tu mimi nimesema hivi.

Nakuomba uniazime barua yako nifundishie kitu maana wengi wanaamini p ya 0.05 ina maana "nina uhakika wa asilimia 95". Chukua watu 1,000, wagonjwa wa kweli 10 tu. Kipimo kinawakamata wote 10, ila kwa wazima kinakosea asilimia 5. Wazima ni 990, asilimia 5 yao ni kama 50. Walioambiwa wanaumwa ni 60, wagonjwa wa kweli 10. Kipimo kinakosea asilimia 5 tu lakini ukiambiwa unaumwa, uwezekano kwamba kweli unaumwa ni 1 kati ya 6! Inategemea ugonjwa umejaa kiasi gani mtaani. Tafiti nazo hivyo hivyo, ukijaribu mawazo 1,000 ambayo mengi ni ya kubahatisha, zile "signifikanti" zako nyingi ni wazima walioitwa wagonjwa. Ndiyo maana hakuna mtu anaambiwa ana VVU kwa kipimo kimoja, WHO tangu 2019 inashauri vipimo 3 vya mfululizo vikubaliane.

(Na ndiyo, lile papai la 2020 ambalo hayati Rais Magufuli alisema limepimwa likakutwa na korona nalikumbuka, barua zake zimenifikia zote. Majibu machache ya uongo hayakwambii ni mangapi kati ya yote ni ya uongo. Tuendelee.)

Kuna dada anauza chai ya kupunguza tumbo mtandaoni, anasema imethibitishwa, p ni chini ya 0.001. Ninunue? – Kitambi, Mbagala

Muulize wamepungua kilo ngapi. Ukiwapima watu 5,000 waliokunywa na 5,000 ambao hawakunywa, tofauti ya gramu 200 tu inaweza kutoa p chini ya 0.001. Gramu 200 ni glasi moja ya maji. Signifikanti maana yake tofauti inaonekana, sio kwamba ni kubwa. Na kama hata hana kundi la wasiokunywa, kaa na hela yako.

Dodoso langu lina vipengele 20, nimelinganisha wanaume na wanawake kwenye vyote, kimoja kimetoka signifikanti. Naweza kuandika sura nzima juu ya hicho kimoja? – Mwaka wa Tatu

Ukijaribu vitu 20 visivyotegemeana ambavyo vyote havina kitu, uwezekano wa angalau kimoja kutoka chini ya 0.05 ni asilimia 64. Kwa hiyo hicho kimoja ndicho kilichotarajiwa. Taja vyote 20, kisha sema hicho kinafaa kupimwa upya kwa watu wengine. Sura nzima hapana.

Kwani hii 0.05 ilitoka wapi? Na kwa nini SPSS yangu imeandika .000, ina maana ni sifuri kabisa? – Mbishi, Mombasa

Fisher huyo huyo wa vikombe, kwenye kitabu chake cha 1925, alisema mara 1 kati ya 20 ni mpaka unaofaa kwa matumizi, ndiyo tukaugeuza msahafu. Wanafizikia wanaucheka. Walipotangaza ile chembe ya Higgs, ndogo kuliko atomu, kule CERN, maabara ya fizikia iliyoko Uswisi, tarehe 4 Julai 2012 walikuwa wanadai bahati isizidi kama 1 kati ya milioni 3.5, kwa sababu wana matrilioni ya migongano ya kuangalia na mbahatishaji angepenya kirahisi. Benki ya damu nao wanaelekea upande wa pili kabisa, chupa ikitiliwa shaka kidogo tu haiongezewi mtu, afadhali wamwage damu safi kumi kuliko moja mbovu ipite. Mpaka unauweka kwa kuangalia kosa lipi litakugharimu zaidi, na unauweka kabla hujaona data.

Hiyo .000 ni programu imekata desimali tu. Bonyeza mara mbili kwenye jedwali, kisha kwenye namba yenyewe, utaona mkia wake. Kwenye ripoti andika p < 0.001.