Ati nasomea maneno ya barazani?

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu, nimepata nafasi chuo kikuu kusoma sosholojia na anthropolojia. Mama amefurahi lakini ami yangu, na yeye ndiye mlipa karo, anasema maneno ya watu yamejaa barazani bure, ayalipie ya nini? Hizi mbili zina tofauti gani, na ami nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, hongera sana! Ami usimkasirikie, mwenye kutoa pesa ana haki ya kuuliza.

Mwambie habari ya bandari mpya ya Lamu maana hiyo anaijua. 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoletewa na ujenzi wake. Haya, mvuvi ni nani? Mwenye mashua? Kijana anayevuta jarife? Na yule mama anayenunua samaki pwani akawakaanga auze jioni, yeye anahesabiwa au hahesabiwi? Mtu wa sosholojia atapita na dodoso, ile karatasi ya maswali, nyumba kwa nyumba aone nani kapoteza nini, wanawake wangapi, vijana wangapi. Wa anthropolojia ataingia mashuani alfajiri na wenyewe, akae nao miezi na miezi mpaka ajue kitoweo kinagawanywa vipi kabla samaki hawajafika sokoni, mambo ambayo kwenye dodoso hakuna atakayeyataja kwa sababu kwao ni ya kawaida mno. Maneno ni yale yale ya barazani ila wewe utafundishwa kuyauliza, kuyapima na kuyaandika.

Kazi zipo kaunti, kwenye mashirika, kwenye utafiti, lakini tangazo mara nyingi halitataja sosholojia, wanatafuta mtu anayejua kukusanya data na kuichambua, kwa hiyo somo la takwimu usilikimbie hata likikuliza.

Jomo Kenyatta mwenyewe, rais wetu wa kwanza, alisoma anthropolojia London kwa Malinowski, mwalimu mashuhuri wa somo hilo, 1938 akatoa kitabu juu ya Wakikuyu wenziwe. Mji wenu aliuandika Mmisri, Abdul Hamid el-Zein, kitabu kikatoka 1974, na wageni wengine wengi wameuandika, mimi natamani sana niusome kwa mkono wa binti wa Langoni.

Nenda kwa ami baada ya isha, mpelekee kahawa, muulize pale barazani kwao nani hukaa wapi na kwa nini, kisha uandike usiku huo huo kabla hujalala, kesho yake umsomee.