Maswali ya wazazi: penseli ya mtoto wa miaka 3

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 3 na nusu, hajui kuandika jina lake. Mtoto wa jirani aliye rika lake anaandika namba mpaka 10. Nimtafutie tuisheni? (Mama, Makorora)*

Marahaba mama. Swali hili nililijibu Januari, nikalijibu tena baada ya Ramadhani, na wiki hii limeletwa na wazazi wanne. Leo nalijibu kwa urefu, na naomba mlihifadhi jibu.

Usimtafutie. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto huzaliwa nayo ikiwa gegedu, laini kama lile la sikio, kisha hugeuka mfupa mmoja mmoja kadiri miaka inavyokwenda. Akiwa na miaka 3 au 4, nusu hivi bado ni gegedu. Mkono huo utashika penseli, ndiyo, lakini kuukalisha kwenye mistari nusu saa nzima ni kuutesa, na mtoto hukichukia mapema kitu kinachomtesa.

Nimefundisha darasa la awali hapa Ngamiani, Tanga, miaka mingi. Mwaka mmoja nilimpokea mtoto wa miaka 5 aliyekwisha pita chekechea mbili. Aliikamata penseli kwa ngumi, gumba amelibana ndani, karatasi inatoboka, na machozi yanamlenga hata sijamwambia neno. Nikaichukua ile penseli nikaiweka kabatini. Kila asubuhi nikampa choroko achambue, udongo wa mfinyanzi, na vijiwe vya mdako acheze na wenzake. Mwezi wa tatu tangu hapo alinivuta gauni nje ya darasa nikaone: alikuwa amechora "a" mchangani kwa kijiti, mviringo wake umefunga sawasawa.

Kumenya chungwa, kufunga vifungo vya shati lake, kukanda kidonge cha unga pembeni yako ukipika chapati, hayo ndiyo maandalizi ya kuandika. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeweka mwaka 1 wa awali kabla ya darasa la kwanza. Wako hajafika hata huo, basi mbio za nini? Na huyo wa jirani anayeandika mpaka 10, mwombe akuletee vijiko 4 kutoka jikoni. Wengi wa waliokaririshwa hurudi na fungu zima mkononi, kwa sababu namba wanaijua kwa wimbo tu.

*Binti yangu wa miaka 4 anacheza huku akizungumza peke yake. Mama mkwe anasema ana jini, tumpeleke kwa mganga. (Duga)*

Hana jini. Watoto wa umri huo hufikiri kwa sauti. Akifika miaka 7 hivi maneno yataingia ndani. Hela ya mganga mnunulieni maziwa.

*Mwanetu anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Babu yake anamfunga kitambaa ili auzoee wa kulia. Kwenye chuo cha Kurani nako ustadhi anamkataza. (Baba, Pongwe)*

Mzee wetu naomba akifungue hicho kitambaa leo. Karibu mtu 1 kati ya 10 ameumbwa hivyo, na chanzo kiko kwenye ubongo, mkono unafuata tu. Najua adabu yetu: chakula kwa mkono wa kulia, na kupeana kitu kwa mkono wa kulia. Hayo mfundisheni taratibu, ayazoee kama adabu nyingine yoyote. Kalamu ni habari nyingine. Mtoto anayehamishwa mkono wa kuandika hutumia nguvu zake zote kupigana na mkono badala ya kufikiria neno.

Mwalimu amkalishe ncha ya kushoto ya dawati ili kiwiko chake kisigongane na cha mwenzake, na daftari lilazwe upande, sehemu ya juu ikielekea kulia. Zungumza na ustadhi kwa heshima, uso kwa uso, usimtumie ujumbe kupitia mtoto. Hapo chuoni huyu mtoto ana nafuu wasiyokuwa nayo wenzake, maana mwandiko wa Kiarabu huanzia kulia, mkono wake haufuti alichokiandika.

*Uji uleule nikiumimina kwenye bilauri nyembamba, wa miaka 5 analia kwamba wa dada yake umekuwa mwingi. Nimemweleza mpaka nimechoka. Ni ukaidi? (Chumbageni)*

Si ukaidi, ndivyo anavyoona. Mswisi mmoja, Jean Piaget, aliyefariki 1980, aliwapima watoto kwa maji na vyombo vya maumbo tofauti, akakuta kwamba kabla ya miaka 7 hivi mtoto hupima kwa kimo cha alichokiona. Hata ukimimina mbele ya macho yake atasema umeongezeka. Usimgombeze. Mpe maji na vyombo uani amimine mwenyewe, kutoka bakuli kwenda bilauri na kurudi, siku moja atakuja kukueleza yeye. Nawaonya pia wanaowakazania watoto hawa hesabu za kutoa ubaoni: mpeni visoda na kokwa za ukwaju ashike, aondoe kwa vidole vyake.

*Ana miaka 7, bado anakojoa kitandani. Baba yake anamchapa kila asubuhi na bado haachi. (Mikanjuni)*

Haachi kwa sababu hafanyi kusudi, amelala. Mama, zuia hizo fimbo, na ukishindwa mwite mtu mzima wa ukoo anayesikilizwa na mumeo. Kati ya watoto 100 wa miaka 5, kama 15 bado hukojoa kitandani, na kufikia miaka 7 hubaki kati ya 5 na 10. Wengi wao ni wavulana, na hali hii hurithiwa: huyo baba akamuulize mama yake yeye alikuwaje.

Anywe maji ya kutosha mchana, apunguze saa mbili kabla ya kulala, aende msalani ndipo apande kitandani. Angalia kama anapata choo vizuri, maana choo kigumu hubana kibofu. Mtandikie nailoni chini ya shuka, asubuhi afue nawe bila maneno, wala wadogo zake wasimcheke.

Ila sikiliza hapa. Kama alishakaa mkavu miezi 6 au zaidi kisha akaanza upya, au anakunywa maji kupita kiasi huku anakonda, mpeleke upesi zahanati au hospitali ya Bombo apimwe mkojo na sukari. Mkojo wenye damu ni dalili ya kichocho, nacho kipo mkoani kwetu, hasa kwa watoto wanaooga mabwawani. Na kama ameanza upya na amekuwa mwoga wa mtu fulani au mahali fulani, kaa naye peke yenu umuulize taratibu. Watoto wanaumizwa na watu wa karibu, na wengine hawana namna nyingine ya kusema.

*Sisi ni Wadigo. Mtoto anaanza shule ya Kiingereza. Tuache Kidigo na Kiswahili nyumbani? (Mabokweni)*

Msiache. Mtoto hujenga akili kwa lugha anayozungumziwa vizuri, yenye hadithi, mafumbo na utani ndani yake. Kiingereza cha kuunga cha mzazi aliyechoka jioni kina maneno machache: njoo, kaa, kula. Mtegee vitendawili. Mwache acheze na wenzake kinyume, ule mchezo wa kugeuza silabi. Mtoto wa miaka 8 anayesema "jima" kwa maji amekwisha jua kukata neno kwa silabi, na ujuzi huo ndio anaousomea, kwa lugha yoyote.

*Simu kwa wa miaka 3, dakika ngapi? (wengi)*

Shirika la Afya Duniani, 2019: isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora. Wa mwaka 1, asipewe kabisa.

*Wangu yuko darasa la nne. Anaamka saa 11 alfajiri, shule, chuo, tuisheni, analala saa 4 usiku. Alama zinashuka. Nimwongezee mwalimu wa hesabu? (Raskazone)*

Hesabu ninayo mimi: huyo analala kwa muda wa saa 7 tu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kati ya saa 9 na 12, kwa sababu aliyoyasoma mchana ubongo huyahifadhi akiwa usingizini. Najua mnaogopa upimaji wa darasa la nne. Shule abaki nayo, chuo abaki nacho, tuisheni ya usiku itoe mwezi mzima, saa 2 usiku awe kitandani. Mwezi ukiisha, nenda kwa mwalimu wake wa darasa umuulize kama bado anasinzia kipindi cha kwanza, halafu niandikie.