Saini ya Mwandishi au Ramani Iliyo Kamili?

Swali: Ndugu Mhariri, nimeanza kukusanya vitabu vilivyokwisha kutumika vinavyoeleza historia ya eneo moja. Nimepata nakala mbili za kitabu ambacho hakichapishwi tena. Ya kwanza ina saini ya mwandishi, ambaye ni marehemu, lakini ramani yake ya kukunjwa imeng'olewa. Ya pili haina saini, ramani yake ipo, na mtu ameandika kwa penseli pembezoni mwa kurasa. Ya kwanza inauzwa ghali zaidi. Je, ninunue ipi, na nitajuaje kama saini ni ya kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, nunua ya pili. Vitabu vya historia ya eneo mara nyingi huchapwa kwa nakala chache, pengine kwa gharama za mwandishi mwenyewe, na ramani, picha na orodha za majina zilizomo huenda zisipatikane mahali pengine popote. Wapo wauzaji wanaozing'oa ramani ili waziuze peke yake zitiwe katika fremu, nami nauhesabu uharibifu huo kuwa wizi wa kumbukumbu za watu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, linganisha orodha ya picha na ramani na vilivyomo ndani, kimoja kimoja, kwa kuwa kurasa za picha aghalabu hazihesabiwi katika namba za kurasa.

Maandishi ya penseli usiyafute. Msomaji wa kwanza wa kitabu cha namna hii huenda aliwafahamu watu wanaotajwa, na akasahihisha jina au mwaka ambao mwandishi aliukosea. Yachukue kama ushahidi unaohitaji kuthibitishwa, na kama jina la mwenye kitabu limeandikwa mwanzoni, lihifadhi pia.

Kuhusu saini, kumbuka kwamba waandishi wa historia ya kwao wengi waliuza vitabu kwa mikono yao na kutia saini nakala nyingi, hivyo saini pekee si adimu kama muuzaji anavyodai. Thamani hupanda pale maneno ya zawadi yanapomtaja mtu anayehusika na kitabu, kwa mfano mzee aliyehojiwa au mpiga picha aliyetoa picha zake. Ili kuichunguza, inamishe karatasi kwenye mwanga: kalamu ya mkono kwa kawaida huacha mfuo au tofauti ya wino, ilhali saini iliyochapwa hukaa sawasawa, na chini ya lenzi huweza kuonekana kama vitone. Ilinganishe na saini nyingine za mwandishi za wakati uleule. Angalia tarehe pia. Bolpeni zilianza kuenea madukani miaka ya 1940, kwa hiyo saini ya bolpeni yenye tarehe ya 1925 haikuandikwa mwaka huo. Na saini iliyo kwenye karatasi iliyobandikwa inathibitisha tu kwamba karatasi hiyo ilitiwa saini.

Ukikuta mhuri wa maktaba, tafuta mhuri mwingine unaoonyesha kwamba kitabu kiliondolewa rasmi. Usipouona, iulize maktaba hiyo kwanza.

Swali: Je, ni utovu wa adabu kumwomba mwandishi aliye hai atie saini kitabu nilichokinunua kwa mtu mwingine?

Jibu: Hata kidogo. Mwandishi hufurahi kuona kitabu chake kikiendelea kusomwa. Mwombe aandike tarehe na mahali mlipokutana, kisha umwulize kwa heshima kama yapo makosa ya chapa au ya habari ambayo angependa kuyasahihisha, na akikubali, ayasahihishe kwa mkono wake palepale penye kosa, kwa penseli laini, maana baadhi ya wino hupenya karatasi za zamani na kuharibu ukurasa wa nyuma. Nakala yenye masahihisho hayo itamfaa mtafiti kuliko saini kumi.