Toa mafuta kwanza, kutu baadaye

Hapa Goma chuma hakikai kisafi muda mrefu. Volkano ya Nyiragongo inatoa moshi wa salfa, moshi ukichanganyika na mvua unakuwa maji yenye asidi, na maji hayo ndiyo yanayoteremkia mabati, mageti na gri za madirisha yetu. Juu yake kuna vumbi jeusi la mawe ya volkano na unyevu wa Ziwa Kivu. Ndiyo maana kazi nyingi zinazofika kwenye atelie yangu huku Birere zinakuja na kutu, rangi ya zamani na grisi vyote pamoja, na mwenyewe anataka nipige bageti, yaani fimbo ya kuchomelea, papo hapo. "Fundi, bandika tu, niko na haraka." Haraka yake naielewa, ila kubandika juu ya uchafu sikubali.

Kutu imebeba maji ndani yake. Moto wa posti (mashine ya kuchomelea) ukipiga pale, maji yanavunjika, haidrojeni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, na chuma kikianza kuganda gesi inakosa njia ya kutoka. Hapo ndipo vile vitundu vinapozaliwa. Vingine utaviona juu ya mshono, vingine vinajificha ndani mpaka geti linyofoke kwenye bawaba. Mafuta na rangi vinaleta shida ileile, pamoja na moshi mchafu unaouvuta wewe mwenyewe.

Sasa, wadogo zangu, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mpangilio. Vijana wengi wanashika grenda kwanza. Chuma kinang'aa, wanaridhika. Lakini diski ikipita juu ya grisi haiiondoi, inaipaka na kuisindilia ndani ya mikwaruzo, kisha inabeba mafuta hayo hadi kwenye chuma kingine kilichokuwa safi. Anza na kitambaa safi chenye asetoni. Futa kuelekea upande mmoja, kunja kitambaa utumie sehemu nyingine, futa tena, mpaka kitoke bila weusi. Kitambaa kilichoshiba mafuta kinahamisha uchafu tu. Kama asetoni haipatikani, maji ya moto na sabuni ya unga yanafaa, mradi usuuze na kukausha kabisa. Kisha chupa na vitambaa viondoke mbali kabla hujawasha posti. Petroli usiisogeze kabisa.

Kuna pia dawa za kopo za kusafishia breki. Soma kopo. Zikiwa na klorini, usizitumie karibu na mahali pa kuchomelea, kwa sababu joto na mwanga mkali wa posti vinaweza kugeuza mvuke wake kuwa fosjini, gesi ya sumu iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hili silisemi kuwatisha bure.

Mafuta yakishatoka, ndipo grenda inapata kazi. Na hapa korniere (chuma cha pembe) mpya kutoka dukani inadanganya watu. Ile ngozi nyeusi ya kibuluu iliyo juu yake ni magamba yaliyotokana na joto la kiwandani. Brashi ya waya inayasugua yakazidi kung'aa bila kutoka, kwa hiyo tumia diski ya kusagia au ya msasa mpaka uone chuma cheupe. Safisha sentimita 2 hadi 3 kila upande wa mshono, na nyuma yake pia. Bomba lisafishwe hata mdomoni kwa ndani. Usisahau pale unapobana mase, kile kibanio cha waya wa kurudisha umeme: ukibana juu ya rangi, moto unarukaruka halafu unailaumu bageti.

Wapo wanaoniambia bageti ya 6011 inakula kutu. Ni kweli inavumilia kuliko nyingine, na ukiwa nje mahali ambapo grenda haifiki itakusaidia. Lakini atelie nyingi zinatumia 6013, ambayo haichimbi sana. 7018 ndiyo kabisa: chuma kiwe kisafi na bageti yenyewe iwe kavu.

Chuma chenye zinki, kama yale mabomba ya maji, kinataka uangalifu wake. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma kinayeyuka karibu na 1,500. Maana yake chuma kabla hakijalainika vizuri, zinki imeshakuwa moshi mweupe usoni pako. Saa chache baadaye unatetemeka kwa baridi, homa inapanda, mdomo una ladha ya chuma, na nyumbani wanadhani ni malaria. Maziwa tunayoambiwa tunywe hayauzuii moshi huo, kwa sababu umeshaingia kwenye mapafu. Saga zinki yote pande zote mbili ukiwa umevaa barakoa ya kuchuja vumbi, fanya kazi nje, na simama upepo ukupige ubavuni ili moshi usipite usoni. Leso iliyofungwa puani haitoshi.

Chuma kisichoshika kutu kiwe na brashi na diski zake, zisizowahi kugusa chuma cha kawaida. Na pipa lililobeba mazuti (dizeli) au petroli mimi silipokei, hata mteja akiniapia kwamba ameliosha, maana mvuke unajificha kwenye mikunjo na cheche moja inatosha.

Kuhusu pesa, ninamwambia mteja tangu mwanzo kwamba usafi uko ndani ya bei, na ninamwonyesha kipande cha geti lake kikiwa nusu kimesagwa, nusu bado. Wengi wakishaona hawabishani tena. Kisha ninachomelea siku hiyohiyo. Msimu wa mvua, chuma kilichosagwa jioni kinaweza kuamka na wekundu, kwa hiyo kazi iliyolala ninaifuta upya kwa asetoni na kuipitishia diski ya msasa kabla ya bageti ya kwanza.