Shaba ya Nelson: kwa anayeanza kukusanya kumbukumbu za manowari za matanga

Mwezi wangu wa pili katika duka la vitu vya kale, kwenye mji wa bandari kusini mwa Uingereza, nilipewa kopo la medali nizipange. Moja ilikuwa nyeusi tii. Mimi mtoto wa Pwani, nimekulia kwenye masinia ya shaba, nikaichukua nikaisugua kwa ukwaju na majivu hadi ikang'aa kama sinia la biriani ya harusi. Mwenye duka aliitazama, akaigeuza, hakusema kitu. Alifuta bei akaandika nusu yake.

Basi usisafishe. Weusi ule ni miaka, na mnunuzi analipia miaka. Ukiona unga wa kijani mwepesi unaopukutika, hayo ni maradhi ya shaba, chumvi imo ndani yake. Itenge na wenzake, iweke pakavu, umpelekee anayejua.

Medali ile ilitokana na Foudroyant, manowari iliyopata kuwa meli ya bendera, yaani meli anayopanda mkuu wa msafara, ya Nelson, amiri maarufu wa Kiingereza. Mwaka 1892 iliuzwa kwa Wajerumani waivunjevunje, Waingereza wakapiga kelele, tajiri mmoja, Wheatley Cobb, akainunua tena. Tarehe 16 Juni 1897 dhoruba ikaitupa ufukweni Blackpool. Mbao zake zikageuzwa samani, shaba yake medali. Ukijiuliza meli ya mbao ilipata wapi shaba yote hiyo, kumbuka deheni. Mafundi wetu walipaka jahazi chini kwa mafuta na chokaa ili wadudu wasitoboe mbao. Jeshi la maji la Uingereza, kuanzia miaka ya 1780 hivi, lilivika meli zake mabati ya shaba. Victory, meli ya Nelson katika vita vya baharini vya Trafalgar, nayo ilivikwa 1780.

Sasa soma maandishi, tena polepole. Kuna vipande vya mwaka 1905, miaka mia moja baada ya Trafalgar, vilivyotolewa na chama cha misaada ya mabaharia. Vimeandikwa kuwa vina shaba ya Victory na Foudroyant ndani yake. Kuwa na shaba ya meli si kutengenezwa kwa shaba tupu ya meli. Huenda ni kijiko kimoja katika sufuria nzima. Si utapeli, waliandika wazi. Tapeli ni yule anayekuuzia leo akilikwepa neno hilo "vina". Nimeona watu wakilipa mara tatu kwa kutolisoma.

Tazama na ukingo. Baada ya vita vya Nile, 1798, Nelson alipowashinda Wafaransa baharini, Alexander Davison, wakala wa Nelson, aliwapa wapiganaji medali kwa gharama yake mwenyewe: dhahabu kwa makapteni, fedha kwa maluteni, shaba iliyopakwa dhahabu kwa wadogo wao, shaba tupu kwa mabaharia. Zilipigwa chapa kwa Matthew Boulton, Birmingham, na jina la Davison limo ukingoni. Ya bandia mara nyingi imesubiwa, yaani imemiminwa kwenye kalibu: herufi zimevimba, uso una vitundu kama chapati, na ukingoni utaona mstari wa kalibu au alama za tupa. Lenzi na mizani ndogo vitakulinda kuliko cheti chochote chenye muhuri.

Mbao ndizo ngumu. Victory ilipofanyiwa matengenezo makubwa miaka ya 1920, mwaloni uliotolewa uliuzwa kama vijisanduku na vibao. Lakini mwaloni ni mwaloni, hauna sauti. Bila kibati chake cha zamani kilichopigiliwa tangu mwanzo, lipa bei ya kisanduku, hadithi uipokee bure. Na ukiona misumari ya kibati inang'aa kuliko kibati chenyewe, nyanyuka uende zako.

Vya kutoka chini ya bahari viache kabisa kama huna karatasi za uhalali. Frigeti ya Wareno Santo António de Tanná, iliyozama Mombasa 1697 wakati Fort Jesus imezingirwa, vitu vyake viko makumbusho mle mle ngomeni. Akikuletea mtu "kipande chake" hotelini, mwache na kipande chake.

Anza na nusu peni ya Kiingereza yenye Golden Hind, meli ya Drake, baharia wa Kiingereza wa karne ya kumi na sita, iliyotoka kuanzia 1937. Wabishi watasema ile haikuwa manowari halisi, wacha wabishe. Ni ya bei ndogo na zimejaa makoponi. Chukua moja iliyochakaa na moja ambayo haijatumika, uzilaze pamoja chini ya taa, uone kamba za matanga zinavyoanza kufutika.