Mtoto anaimba nyimbo za wakubwa, mimi nilifanya hivi

Mtoa mada umesema binti yako wa miaka 9 anaimba singeli neno kwa neno na kaka yake wa 15 hatoi earphone masikioni, unauliza ufungie simu au uchape. Pole sana dada, kwangu yalinikuta na nilianza na kuchapa, nikakosea.

Wangu alikuwa darasa la pili, akaimba kiitikio mezani mbele ya bibi yake, mpaka mama akaweka kijiko chini. Nikamtandika. Kumbe yeye alikuwa anajua wimbo unahusu embe! Kweli kabisa, embe la kula, mimi ndo nilimfundisha siku ile kwamba kuna maana nyingine, afu akaacha kuimba nyumbani akawa anaimbia kwa jirani.

Baadae nikaingia setting za Spotify, ile app ya muziki, nikazima nyimbo zenye ile alama ya E (explicit, yaani zina maneno machafu). Za kizungu nyingi zikafifia hazipigiki, ila za kwetu zikabaki vilevile, sababu ile alama inategemea taarifa za wenye wimbo wenyewe, na nyimbo zetu matusi yake ni mafumbo, mashine haijui embe ni nini. Zizime tu, inasaidia kidogo, lakini usiitegemee. Na hapa Mbagala wakipiga kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku, spika zinaingia mpaka chumbani, hapo utazima nini?

Kwa huyo mdogo saivi namuuliza kwanza, "huo wimbo unasema nini?" Akinipa maana ya kitoto simshtui, namwambia huu ni wa watu wazima, tutafute mwingine wenye biti kali kama huo, maana watoto wengi wanapenda mdundo wala hawana habari na maneno. Nyimbo za katuni ya Ubongo Kids alizipenda mwenyewe, na wa chini ya miaka 6 katuni ya Akili and Me inamtosha. Dereva wa school bus alikuwa anapiga singeli asubuhi asubuhi, nikaongea nae kwa heshima nikampa flashi yenye nyimbo, akaipokea vizuri tu.

Huyo wa 15 usimnyang'anye simu, ataskilizia kwa mwenzie na hutajua anaskiliza nini. Mimi na wangu mkubwa tukiwa kwenye gari kila mtu anachagua wimbo mmoja, na mwenzie lazima auskilize mpaka mwisho bila kuponda. Yeye ananiwekea drill, rap za vijana, mimi namwekea Mbaraka Mwinshehe wa zilipendwa, afu namuuliza hapo anaposema hivi kuhusu mwanamke wewe unaonaje, dada yako angeambiwa hivo je? Miezi ya mwanzo alikuwa ananijibu "sijui" tu, inaumiza ila vumilia. Wiki iliyopita tumempitia mdogo wake shule, kabla hajafunga mlango kaka mtu akaruka wimbo mwenyewe akaweka mwingine, sikumwambia kitu.