Taa za tela zikianza disko, globu iache kwanza

Habari zenu wakuu. Nina miaka 11 naendesha semi, lori la kuvuta tela, njia ya Dar–Tunduma, na kama kuna kitu kimenilia hela na usingizi sio tairi wala injini, ni taa za tela. Juzi kijana mmoja kanipigia yuko Ruaha Mbuyuni, kashanunua globu 4 na bado taa hazieleweki, nikamuuliza ukikanyaga breki inakuwaje, akasema indiketa nazo zinawaka kwa mbali. Nikamwambia mdogo wangu hizo globu weka akiba tu, tela yako imepoteza ethi, yani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Najua kwa sababu yalishanikuta. Nimebeba mbolea, napanda mlima Kitonga usiku na mvua juu, foleni ikasimama maana kuna gari limekufa kwenye kona mbele. Utingo akashuka kuweka jiwe kwenye tairi, karudi anacheka, "Suka, huku nyuma disko tupu." Nikashuka na mimi nikaangalie, yeye akanyage. Aisee. Akiwasha indiketa ya kushoto taa za breki nazo zinapepesa, akikanyaga breki taa ndogo zinafifia, akiachia kila kitu kuna nyekundu moja inabaki inang'aa kama sigara. Nilikuwa nimetoka kumlipa fundi mmoja Moro siku hiyohiyo, kanibadilishia globu zote na kunihakikishia kazi imeisha.

Iko hivi. Umeme ukienda kwenye taa lazima urudi. Kwenye plagi ya pini 7 ya gari za volti 24, kila kazi ina waya wake wa kwenda, njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeusi na kahawia taa ndogo za kushoto na kulia, lakini wa kurudi ni mmoja tu, mweupe, pini namba 1, taa zote zinautegemea huo. Sasa huo mweupe ukioza, umeme wa breki ukishapita kwenye globu yake unakosa njia ya kutoka, unageuka unapita kwenye globu ya jirani kutafuta upenyo, ndo maana unaona globu 2 zinawaka kwa pamoja na zote hafifu. Kwa hiyo ukiona taa zinaingiliana, usihangaike na rangi nyingine, anza na mweupe.

Na kuna utani mmoja wa hii kitu unawachanganya hata mafundi. Waya mweupe unaweza kuwa umekatika kabisa na taa zikawaka vizuri tu ukiwa umepaki, kwa sababu umeme unarudi kupitia chuma, yani kingipini, ile pini nene ya chini ya tela, iliyokaa kwenye ile sahani ya kichwa, gari la mbele linalovuta. Pale pana grisi na panacheza, ukikata kona panaachia, ukinyooka panashika. Sa unafika kwa trafiki taa zimezima, unashuka zinawaka, unaonekana mchawi, na faini umeshaandikiwa.

Kulijua hilo ni dakika 2. Mimi natembea na waya wa mita 20 una klipu za meno kila upande. Klipu moja kwenye betri upande wa hasi, nyingine nakwenda kuibana kwenye ethi ya taa ya nyuma. Kama disko linaisha papo hapo, basi tatizo lako ni njia ya kurudi, tafuta imekatikia wapi. Isipoisha ndo uanze kuwaza mengine.

Kitu kingine, msiamini sana mita ya kidijitali. Mita haili umeme, kwa hiyo hata waya uliobaki na unywele mmoja wa shaba utakuonyesha volti 24 safi, ukiweka globu haiwaki, unaanza kulaumu globu. Nimejitengenezea testa yangu, kishikio, globu ya wati 21 ya volti 24 na waya 2, basi. Ikiwaka kwa nguvu waya ni mzima, ikiwaka kama mshumaa kuna sehemu imeliwa. Mita nakuja kuitumia baadaye, taa zikiwa zimewashwa, napima kati ya hasi ya betri na ethi ya taa, ikizidi kama nusu volti najua bado pana uchafu njiani.

Uchafu wenyewe unakaa wapi? Kwanza plagi. Ifungue, usiangalie kwa nje tu, fungua kabisa uone zile skrubu ndani, utakuta kutu ya kijani na pini zimelegea. Afu boliti ya ethi kwenye chesisi ya tela, hii inasahaulika sana, tela ikipelekwa kupigwa rangi upya wanapaka na hapo, umeme haupiti kwenye rangi jamani, fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, afu ndo upake grisi juu. Tatu ni maungio ya barabarani. Yani hapa ndo nachoka. Mtu kasokota waya, kazungushia solotepu nyeusi, kaondoka. Jua la Chalinze linayeyusha gundi, mvua ya kwanza maji yanaingia na yanatambaa ndani ya gamba la waya, ukikata sentimita 30 mbele bado shaba ni nyeusi. Kata mpaka ukutane na shaba nyekundu, unga kwa risasi ya kulehemu, vika mpira wa kusinyaa kwa moto, na mpira unauvisha KABLA hujaunga, nimesahau hilo mara nyingi kuliko napenda kukiri.

Fyuzi ikiwa inakata ni habari nyingine kabisa, hapo ethi haina kosa, kuna waya wa kwenda umechubuka unagusa chuma. Chomoa plagi ya tela kwanza. Fyuzi ikitulia, kichwa ni kizima, shida iko nyuma. Na tafadhali ile karatasi ya fedha ya sigara isiingie kwenye boksi la fyuzi, waya unaweza kuungua mpaka kwenye dashibodi. Mimi natoa fyuzi iliyokatika, mahali pake naweka ileile testa yangu. Nachomoa globu zote za tela za mkondo huo, narudisha plagi, testa inawaka kwa nguvu maana umeme unapitiliza kwenye chuma, lakini haiunguzi kitu. Afu utingo anapita chini ya tela anatikisa waya kipande kwa kipande, mimi nakodolea globu.

Mara ya mwisho ilikuwa hapo kabla ya Mafinga. Katikisa mbele, kimya. Katikisa juu ya ekseli, kimya. Kafika kwenye tairi ya akiba, globu ikazima, akaachia ikawaka. Nikapiga kelele "hapo hapo!" Kumbe siku tulipobadilisha tairi tuliibana waya sisi wenyewe, mnyororo wa tairi ya akiba ukawa unausaga taratibu kwenye pembe ya chuma, gamba limeisha kama kipande cha kucha tu. Nilikata bomba la plastiki la nusu inchi, nikalipasua ubavuni, nikauvisha waya, nikaufunga mbali na mnyororo. Fyuzi mpya, ya ampea zilezile, na kabla hatujaondoka tukawasha zote moja moja, yeye nyuma anataja, mimi mbele najibu.